Tambi za Sikukuu na Kisomo cha Bwana Shomari

Nilipokuwa mtoto kule Kaole, ugonjwa wangu ulikuwa kuuliza. Bibi alisema siku nitakayozikwa, malaika wakija kunihoji kaburini watakuta mimi nimeshaanza kuwahoji wao. Nilikuwa nikiishi naye, pamoja na mamdogo Zuhura, binti yake wa mwisho, aliyekuwa amemaliza shule na kupata nafasi ya chuo cha ualimu. Hata kabla hajaanza, watu walishakuwa wakimwita mwalimu, na Bibi, ingawa alijifanya kuwakanya, alikuwa akitabasamu chini chini.

Jumanne moja alasiri nilimkuta Zuhura nyuma ya nyumba anasuka ukili wa mkeka. Alikuwa na mkono mzuri wa kusuka, lakini siku ile ukili ulimwendea kombo, akawa anasuka, anafumua, anasuka tena. Nikamuuliza ana nini. Akasema hana kitu. Nikamuuliza, kama hana kitu mbona analia. Hapo akaniapisha nisimwambie mtu, kisha akanieleza: asubuhi ile alikuwa amekamatwa mjini Bagamoyo, katika duka la Bwana Shomari, na kopo la maziwa ya unga ndani ya baibui lake.

Duka hilo lilikuwa jipya wakati ule, la kuingia na kikapu ukajichagulia mwenyewe, na juu ya mlango lilikuwa na kamera. Sisi watoto tulikuwa tukienda kuishangaa na kuipungia mkono. Ndiyo iliyomwona Zuhura. Bwana Shomari mwenyewe alikuwa mtu wa Kaole, na mama yake mzazi, Bi Mwantumu, alikuwa bado akiishi peke yake jirani na kwetu. Hakumpiga Zuhura wala hakumtukana. Alimnyang'anya simu na kumwambia alete mkubwa wake kabla ya Ijumaa, asipofika picha za kamera zinakwenda polisi.

"Watanifunga, Mwanaidi," Zuhura akaniambia. "Na wasiponifunga, chuo ndiyo basi tena."

"Jela wanakula nini?"

"Sijui."

"Wanalala taa ikiwaka?"

"Sijui, mwanangu! Mimi nitajuaje?"

Nilimpenda sana Zuhura, tena nilimwogopea, lakini siwezi kudanganya kwamba hamu ya kujua haikuwemo. Sheria kwangu ilikuwa nyumba ambayo sijawahi kuingia. Nilitaka kujua milango yake iko wapi, nani anafungua, na mtu akishaingia anatokea upande gani.

Mtu wa kuulizwa alikuwa Mjomba Rajabu, kaka yake Zuhura, ambaye aliwahi kuwa mgambo na kwa sababu hiyo alijihesabu ni mtu wa sheria. Jumatano alipopita kunywa chai, Zuhura alimzunguka kwa mbali. Kuna rafiki yake, alisema, ana rafiki yake, kakamatwa dukani na kitu kidogo tu. Atafanywaje?

"Inategemea," Mjomba akasema, akachovya andazi. "Kwanza analala ndani. Chini, kwenye sakafu. Halafu Mahakama ya Mwanzo. Hakimu akiamka vizuri, faini. Akiamka vibaya, kifungo."

"Hata kwa kopo moja?"

"Wizi hauna kopo wala pipa. Na nani kasema moja? Mchovya asali hachovyi mara moja."

Zuhura akamuuliza kama mtu huyo anaweza bado kusoma ualimu. Mjomba akacheka. Akauliza ni mzazi gani atakayempelekea mtoto wake mwalimu mwenye kesi ya wizi. Kisha akaomba sukari.

Alhamisi asubuhi ikaja habari nyingine. Vitu vilikuwa vimepotea sana dukani kwa Bwana Shomari, na Zuhura alikuwa amekiri lile kopo tu. Kwa hiyo Bwana Shomari alikuwa ameamua kuwasomea halbadiri wote waliomwibia. Kisomo kingekuwa kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, na mwalimu wa madrasa yetu alikuwa ameshakubali kukisimamia. Alitangaza mapema, kama desturi inavyotaka, ili mwenye kuchukua apate nafasi ya kurudisha.

Msomaji wa pwani sina haja ya kumweleza halbadiri ni nini. Wengine watosheke na kujua kwamba ni kisomo cha kumshitaki mwizi kwa Mungu, na kwamba watu wazima, wenye ndevu zao, wakikisikia hurudisha hata mbuzi waliyemwiba mwaka juzi. Bibi alizipokea habari zile huku anapepeta mchele uani, mimi nikichagua mawe, Zuhura kakaa kizingitini na ukili wake.

"Mungu atuepushe," Bibi akasema. "Zamani kuna mtu aliiba mpunga, akasomewa. Tumbo likamvimba mpaka shati halifungi. Na si yeye tu. Mkewe, watoto, wote. Halbadiri ni kama moto wa shamba, ukishauwasha hauulizi mpaka ni wa nani. Unamfuata aliyechukua, unamfuata na aliyekula."

Nikaacha kuchagua mawe.

"Bibi, na aliyekula bila kujua?"

"Naye."

"Hata kama alikula tambi?"

Ungo ukasimama. Wallahi sikukusudia kumfichua Zuhura. Tangu Mjomba ataje mchovya asali nilikuwa nazishuku tambi, na hapo nilikuwa nalifikiria tumbo langu tu. Sikukuu iliyokuwa imepita mpunga ulitutupa, na Bibi alikuwa ameshasema kwamba mwaka ule hatutapeleka sahani kwa mtu. Zuhura hakuvumilia kuona sahani za wenzetu zinakuja na sisi hatupeleki. Alirudi mjini na tambi, sukari na iliki, akasema amepewa na rafiki yake aliyeolewa na mtu mwenye uwezo. Bibi akazipika kwa tui zito, tukazisambaza kwa majirani, na sifa zilirudi pamoja na sahani.

Bibi alimtazama Zuhura kwa muda. Zuhura akainamisha kichwa. Bibi akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amevaa baibui.

"Inukeni," akasema.

Tulikwenda kwa bajaji. Bwana Shomari alikuwa ndani, nyuma ya rafu za sabuni, na alipomwona Bibi alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwizi wako huyu hapa. Mpishi ni mimi. Polisi ni haki yako, sikuzuii, ukitaka twende sasa hivi. Ila kwanza tuhalalishie tambi."

"Tambi gani? Mimi nazungumzia kopo la maziwa."

"Za sikukuu. Nilizipika mimi, nikazigawa, sijui kama ni zako. Kesho unasoma, Shomari, na waliokula hawana habari."

Akaanza kuwataja. Kila jina nililiona likimwongezea Bwana Shomari hasira, maana kwake ilikuwa ni kama kusomewa orodha ya hasara. Bibi akamtaja mwalimu wa madrasa, ambaye ndiye angesimamia kisomo. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Bwana Shomari akasema basi atatafuta msomaji mwingine, na simu ya polisi anaipiga hapo hapo. Akaitoa mfukoni kweli.

"Na mama yako alikula," Bibi akasema. "Sahani nzima. Akairudisha imeoshwa, na ndimu juu yake."

Bwana Shomari akabaki na simu mkononi.

"Mama alikula tambi?"

"Alikula."

Alitazama rafu, na mimi nikatazama alikotazama yeye. Tambi zilikuwa zimejaa pale, paketi juu ya paketi. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri kulipa akagonga meza.

"Nimehalalisha," akasema hatimaye.

"Na kopo."

"Na kopo. Na kisomo hakuna." Akamrudishia Zuhura simu bila kumtazama. "Lakini wewe usiingie tena humu."

Nilidhani yamekwisha. Kumbe kwa Bibi yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza. Tulipofika nyumbani alimwambia Zuhura aende nyumba kwa nyumba, awaeleze watu walichokula, awaombe radhi kwa mdomo wake. Zuhura alilia mpaka akapaliwa. Alisema bora angepelekwa polisi, maana kule angeaibika mbele ya watu asiowajua. Bibi alimjibu kwamba hao asiowajua hakuwalisha haramu. Jioni ile Zuhura alijifunga mtandio akaenda, peke yake. Nilimlilia Bibi aniruhusu kumfuata, akakataa.

Kaole habari haikai. Ile ilikaa. Mpaka leo sijui ni kwa sababu watu walimhurumia msichana wa watu, au kila mmoja aliona haya kusema alikula. Mjomba Rajabu hakuambiwa. Zuhura alikwenda chuo, akahitimu, na sasa anafundisha Lugoba. Kuhusu halbadiri, siwezi kusema kama inavimbisha matumbo, sijawahi kuona tumbo hilo. Nimefika mahakamani mara mbili tatu ukubwani kwa shughuli zangu, nimesikia kesi kama ile yake, na huwa nashangaa jinsi zinavyokwisha haraka. Anaulizwa aliyechukua, anajibu, basi.

Mwaka jana nilimtembelea Zuhura katika Ramadhani, na nikamuuliza lile nililokuwa nimelihifadhi miaka yote: ni nyumba ipi ilikuwa ngumu siku ile. Akasema ya mwisho, kwa Bi Mwantumu. Alikuwa amenificha kwa sababu Bi Mwantumu mwenyewe alimwomba asiseme, lakini sasa bibi huyo ameshatangulia mbele ya haki.

Bi Mwantumu alimsikiliza mpaka mwisho, Zuhura akanieleza, akamwambia amemhalalishia. Kisha akamshika mkono.

"Wageni waliokuja kunipa mkono wa sikukuu niliwaambia tambi kaniletea Shomari, wasijue kwamba hakuleta kitu," alisema. "Nikawa naona haya kwa uongo ule. Kumbe zilitoka kwake kweli."

Zuhura akaenda kutazama uji wa futari. Tangu siku hiyo, sikukuu ikifika nikapika tambi, sahani ya kwanza naipeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwangu ambaye watoto wake wote wana uwezo.