Santuri ya Chai Baridi

Watu wa Lukozi walijua kwamba Sefania Shemndolwa analima kabichi, na kabichi zake hazikuwa na kasoro. Lakini ukimkuta shambani ukamuuliza habari za kabichi, alikujibu neno moja tu, kisha akashika jembe kwa mkono mmoja na kuanza kukusimulia habari za santuri. Ipo hii aliyoipata Soni kwa fundi cherehani, ipo ile iliyokuwa imefunika mtungi wa maji kwa mjane mmoja wa Mlalo, na mjane mwenyewe hajui kama ameufunika kwa rumba. Ungesimama pale mpaka jua likuunguze.

Gramafoni yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, yenye tarumbeta kubwa kama ua la boga. Vijana wa Lushoto mjini walikuwa wameanza kutumia za betri, wakamcheka. Yeye hakujali. Arusi za Lukozi, Kwai na vijiji vya jirani zilimwita mpiga santuri, naye alikuja na gramafoni begani, amevaa koti jeusi aliloshonewa na mkewe Rahabu, uso umekazwa kama wa mchungaji anayekwenda madhabahuni.

Ila ugonjwa wake ulikuwa kutafuta. Akiingia nyumba ya mtu, macho yake hayakumwangalia mwenyeji, yalikwenda pembeni, juu ya kabati, chini ya kitanda. Hata msibani hakujizuia. Aliwahi kumshika mfiwa mkono, akampa pole ya kutoka moyoni, machozi yanamlengalenga, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile gramafoni ya marehemu, bado inazunguka?" Rahabu alimvuta koti mpaka nje.

"Baba Mika," alimwambia njiani, "siku nikifa mimi, waulize kwanza kama nimezikwa, halafu ndiyo uulize santuri."

"Wewe huna santuri," alijibu Sefania, naye hakuwa anafanya mzaha.

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio, wazungu wa mashamba wakifungasha mmoja baada ya mwingine. Watu wenye akili zao waliuliza ardhi itakuwa ya nani, ng'ombe watakwenda wapi, kijiji cha ujamaa kitaanzia upande gani. Sefania aliuliza kama kuna mtu ameona sanduku bapa, zito, lenye kushikwa kwa kamba.

Siku moja dereva wa lori la mboga akamletea habari. Kule Kwai, bibi mmoja wa kizungu amerudi kwao, na vitu alivyoviacha amempa mpishi wake, mzee Bartholomeo. Miongoni mwa vitu hivyo liko sanduku la santuri. Sefania aliweka jembe chini palepale, akaenda kuvaa koti.

Bartholomeo alikuwa mtu wa Tabora, aliyekuja milimani ujanani kutafuta kazi mashambani na kuishia jikoni. Sefania alimkuta ameketi kibarazani, amejifunika blanketi, maana baridi ya Kwai hajapata kuizoea maisha yake yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefuata santuri."

"Umejuaje, mzee?"

"Hujaniangalia mimi tangu uingie. Unaangalia mlango."

Sanduku likaletwa. Sefania alipiga magoti kulifungua kama anayefungua kapu la mayai. Nyingi zilikuwa za nyimbo za kizungu, waimbaji wanene wameandikwa majina marefu. Chini kabisa palikuwa na moja ambayo karatasi yake ya katikati imeliwa na mende, likabaki neno moja tu: SAFARI. Neno la Kiswahili kwenye santuri, katika nyumba ya mzungu! Hii lazima iwe dansi, tena dansi ya zamani, ya kutoka pwani au Nairobi, ambayo hakuna mpiga santuri mwingine wilaya nzima anayo.

"Nikupe nini, mzee? Nina kabichi. Nina maharage."

Bartholomeo alimtazama juu mpaka chini, macho yakasimama kwenye mabega. "Koti lako hilo ni la sufu?"

Sefania alirudi Lukozi kwa miguu, ukungu umeshuka mpaka magotini, shati limemganda mwilini, sanduku kichwani, na anapiga mluzi. Rahabu alimwona tangu kwenye kona ya mto.

"Koti liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Kwai."

Rahabu hakusema neno jingine mpaka ugali ukaiva. Hicho ndicho kilichomtisha Sefania. Kwa hiyo, alipotaka kuijaribu ile santuri mpya akakumbuka kwamba amebakiza sindano chache, na kwamba kelele yoyote ya gramafoni siku hiyo ingemletea balaa, aliona afadhali aiache mpaka arusi ya Jumamosi. Wiki nzima akawa anawatangazia watu, "Nina kitu kinaitwa Safari. Mtacheza mpaka viatu viombe msamaha."

Arusi ilikuwa ya binti wa Kristofa, mzee wa kanisa, mtu mkali kuhusu adabu. Ibada ikaisha vizuri, watu wakala pilau, wanaume wachache wakawa wanapokezana kwenda nyuma ya nyumba kuangalia mbuzi, wakirudi wananukia boha, ile pombe ya miwa. Kisha akasimama Ndugu Abdallah, katibu wa tawi la chama, kutoa nasaha kwa maharusi. Alianza na upendo, akaingia kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko, akapitia mbolea ya samadi, akafika kwenye kujitegemea, na bwana arusi akawa anasinzia na ua kwenye mfuko wa shati. Katibu alipoketi, watu walipiga makofi ya watu waliofunguliwa kamba.

"Ndugu zangu," Sefania akasema, "sasa tuamke. Safari!"

Akazungusha hendeli, akashusha sindano. Vijana walikwisha kushika mikono ya wasichana. Santuri ikakwaruza kidogo, kisha ikatoka sauti ya mwanamume wa kizungu, nzito, ya taratibu:

"Somo la nne. Safarini."

Watu wakatazamana.

"Mpishi. Leta chai."

Sauti ikanyamaza. Santuri ikawa inazunguka bila neno, kama mtu anayengoja kujibiwa. Hapo Sefania akaelewa. Hii haikuwa rumba. Ilikuwa santuri ya kuwafundisha wazungu Kiswahili, na ukimya ule uliachwa ili mwanafunzi ayarudie maneno nyumbani kwake. Koti zima, la sufu!

"Chai hii ni baridi," ikaendelea sauti. "Iondoe."

Ikanyamaza tena. Sefania alinyoosha mkono ainyanyue sindano, lakini kabla hajaigusa, Bibi Josephina, kikongwe aliyekuwa amefua nguo za wazungu tangu enzi za Mjerumani, akajibu kutoka kwenye mkeka wake:

"Mikono huna? Kaipashe mwenyewe!"

Kicheko kilichopasuka pale kilimwamsha bwana arusi. Sauti haikujali, ikauliza:

"Wapagazi wako wapi?"

"Wamekwenda mkutanoni!" akadakia kijana mmoja.

"Mbona wamechelewa?"

"Katibu alikuwa anahutubia!" likatoka jibu nyuma ya nyumba, kwa wale wa mbuzi.

Watu wote wakageuka kumtazama Ndugu Abdallah. Kristofa, mwenye shughuli, alikuwa ameshika kichwa. Katibu akainuka polepole, akanyoosha shati lake, akatembea mpaka mbele ya gramafoni. Sefania alikwisha kujiona anahojiwa ofisini, santuri iko mezani kama kielelezo cha kasumba ya kikoloni.

"Ndugu mpiga santuri," akasema katibu.

"Naam, Ndugu Katibu."

"Hebu irudishe mwanzo. Ile ya chai nataka kuijibu mimi."

Ikarudishwa. Ikapigwa tena, na tena. Katibu aliijibu ile ya chai kwa maneno mafupi, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Lukozi watu walimwomba aendelee. Kristofa mwenyewe, baada ya kujikaza sana, alisikika akimwelekeza mzungu wa kwenye santuri njia ya kwenda kuchota maji. Dansi haikuchezwa kabisa. Rahabu alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanacheza.

Tangu siku ile Sefania akapata jina, na jina lenyewe likawa Chai Baridi. Alialikwa Mlalo, alialikwa Bumbuli, alialikwa mpaka kwenye sherehe za Saba Saba. Kila mahali ilikuwa hivyohivyo. Angepanga rumba zake nzuri, angezifuta vumbi kwa kitambaa laini, na kabla ya wimbo wa pili kwisha watu wangepiga kelele, "Mzungu! Mlete mzungu!" Kwa jina alikuwa mpiga santuri mkubwa kuliko wote milimani, na hakuna aliyetaka kusikia muziki wake. Jambo hilo lilimuuma zaidi ya koti.

"Miaka yote hii natafuta nyimbo," alimlalamikia mkewe, "na watu wanataka kuagizwa chai."

"Hawataki kuagizwa," alisema Rahabu. "Wanataka kujibu. Hujaona?"

Bartholomeo aliisikia santuri ile katika arusi moja ya Kwai. Alikuja amevaa koti la Sefania, limempendeza kuliko mwenyewe, na Rahabu akaliamkia koti kwanza kabla ya kumwamkia mzee. Watu walipoanza kumjibu mzungu, Bartholomeo hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa, kisha akamwita Sefania kando.

"Haya maneno nayajua," alisema. "Bibi yule alipofika shambani, siku ya kwanza, nilimpelekea chai. Akaniambia, chai hii ni baridi, iondoe. Nikaiondoa. Nikachemsha nyingine, akasema vilevile. Ya tatu ilikuwa inatoa moshi kama treni, bado ni baridi, niiondoe. Nikasema huyu mama ana roho mbaya, nitafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi niondoke."

"Ukaondoka?"

"Sikuondoka. Kesho yake nikamkuta peke yake jikoni, anatafuta kitu kwenye mitungi, analia. Alikuwa anataka sukari, bwana. Neno la sukari hakuwa amefundishwa. Alikuwa na somo hilo moja tu, basi akawa analitumia lote." Akacheka kidogo, taratibu. "Nikamwonyesha, nikamwambia, sukari. Akasema, sukari. Hivyo ndivyo nilivyokaa miaka yote ile."

Sefania akauliza, "Mzee, nikurudishie?"

"Nikaifanyie nini? Piga, watu wafurahi. Na mimi nitakuja kujibu siku moja. Kuna la siku ile ambalo sikumjibu."

Na kweli alikuja, Saba Saba iliyofuata, akajibu. Sauti iliposema chai hii ni baridi, Bartholomeo alisema kwa upole, "Sukari iko kwenye mtungi wa pili, mama," na watu waliongoja mzaha hawakujua wacheke au wafanye nini. Sefania peke yake aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuzungusha hendeli.

Santuri ile ililika kabla ya mwaka kwisha. Sindano za chuma zilikuwa zimeadimika madukani, Sefania akawa anatumia za mwanzi alizozichonga mwenyewe, na sauti ya mzungu ikazidi kuwa ya mbali, mpaka ikabaki mkwaruzo mtupu. Watu waliokwisha kuyajua maneno kwa moyo waliendelea kujibu mkwaruzo kwa miezi kadhaa, ndipo wakachoka wenyewe.

Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata zikaja habari kwamba karani mstaafu wa mkonge huko Magoma ana kabati zima la rumba. Rahabu akasema naye ataongozana, ana dada yake huko. Waliteremka na lori la mboga, wakakuta joto la bondeni limekaa kama mtu wa nyumbani. Karani akawakaribisha uani, akaweka santuri ya kwanza kwenye gramafoni yake ili wageni wasikie mali.

Sefania aliinama akiikagua kwa jicho moja, anatafuta ufa ukingoni. Magitaa yakaingia. Alipoinua kichwa, Rahabu alikuwa ameweka kapu lake chini, amevua viatu, anacheza peke yake kwenye ua wa watu, macho amefumba.

"Baba Mika," alisema bila kufumbua, "hii ikiisha, mwambie arudie."