Nilivyokaribishwa Sokomuhogo

Niliondoka Kakamega katika umri ambao wenzangu huwapeleka watoto chuoni, hawaendi wenyewe. Ujenzi nilijifunza vitabuni na kwenye majengo ya watu, lakini chokaa haikukubali kusomwa. Kila ukuta niliopiga lipu ya chokaa ulipukutika kabla ya mvua ya pili. Nikasikia Unguja kuna kozi ya kutunza majumba ya zamani. Nikaomba, nikakubaliwa, kwa sharti moja lililonikosesha usingizi: mwanafunzi awe na makazi mjini kabla masomo hayajaanza, la sivyo nafasi yake apewe mwingine.

Mombasa nilibadilisha basi, Dar es Salaam nikapanda boti. Ya baharini siwezi kuwasimulia, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho, nimeshika mfuko niliopewa na mhudumu.

Unguja, siku ya kwanza. Karani wa chuo alinielekeza Sokomuhogo kwa Bi Zuwena, mjane anayejua kila chumba cha kupanga kilichopo mjini. Nilipiga hodi, nikatoa shikamoo, nikaletewa chai ya mdalasini na vileja. Kisha nikauliza, kwa sauti ninayoulizia bei ya saruji, kama yeye mwenyewe ana chumba.

"Chumba kipo juu," alisema. "Nyumba yako hii, baba. Karibu."

Asubuhi yake nilirudi na begi, sanduku la zana na mto wangu wa kulalia. Bi Zuwena alifungua mlango, akautazama mto, kisha akanitazama mimi.

"Karibu," alisema, taratibu zaidi kuliko jana.

Chumba kilinizidi hadhi. Kitanda kilikuwa kipya, godoro bado limo ndani ya nailoni, kabati lina kioo cha mtu mzima, na mezani pana chetezo cha kufukizia udi. Niliwaandikia nyumbani kwamba watu wa Unguja wanaheshimu elimu kupita kiasi. Suleiman, mwana wa Bi Zuwena, mtu mzima mwenye kazi yake bandarini, alikuwa akilala kwenye kochi sebuleni. Nilidhani anapenda hewa ya pale.

Wiki zilizofuata, asubuhi nilisoma chokaa na mchana nilisoma Unguja. Wanawake wa ukoo walikuwa wakija, wakisimama mlangoni pangu, wakikitazama kitanda na buti zangu zilizo chini yake, halafu wakishuka kimya. Jioni, Bi Zuwena alinipa kile nilichokichukulia kuwa somo la jiografia.

"Wenzako wa chuoni wanakaa wapi, baba?"

"Wengine Mpendae, wengine Bububu."

"Bububu kuna upepo mzuri sana."

Jumapili nikaenda Bububu kuuchunguza. Niliporudi nilimpa taarifa kamili: upepo wa kule ni mzuri, lakini wa chumbani kwangu unaupita. Akaniongezea wali.

Ijumaa moja nilipeleka suruali kwa Haji, fundi cherehani wa mtaa. Ukutani kwake ilining'inia kanzu mpya. Nikauliza ni ya nani.

"Ya harusi ya Suleiman. Ishaanza kushika vumbi."

"Anaoa lini?"

"Tukuulize wewe, Mkenya. Harusi inakungoja wewe."

"Mimi? Sijaombwa mchango."

"Mchango wako ni kutoka. Unalala kwenye kitanda cha bi harusi tangu umekuja." Akang'ata uzi. "Na baba wa binti ashasema, mwezi huu ukisha bila ya harusi, binti yake ataolewa na mwengine."

Nilikaa juu ya kigoda bila kukaribishwa. "Lakini Bi Zuwena mwenyewe alinikaribisha."

"Sasa ulitaka akwambie nini, nawe umo kwake unakunywa chai? Ukikaribishwa vile unashukuru, unakwenda zako. Jioni angekutumia mtu na habari ya chumba chengine."

"Si angesema tu hapana?"

"Bi Zuwena? Amwambie mgeni hapana? Bora mwanawe azeekee kochini." Akaanza kucheka. "Ila ule mto, wallahi. Ulipokuja na mto, ushamweza."

Siku chache baadaye nilipata chumba Bububu. Kumwambia Bi Zuwena kulinipa shida zaidi kuliko kupiga lipu.

"Bi Zuwena, nnahamia Bububu," nilisema. "Ule upepo umenishinda."

"Nani kakufukuza, baba? Kaa."

"Ahsante, bibi. Nshapata chumba."

"Basi kaa mpaka mwisho wa mwezi," alisisitiza, begi langu mkononi mwake, naye keshafika katikati ya ngazi akishuka.

Harusi ilifanyika kabla ya mwezi kwisha. Nilikaa mkekani pamoja na majirani, na kwenye pilau Suleiman alikuja kunipa mkono. "Mgongo wangu unakushukuru," alisema. Tangu hapo kila Ijumaa nilikwenda kumwamkia mama yake, na ukuta wa ngazi uliochubuliwa na sanduku langu niliupiga chokaa mwenyewe. Haujapukutika.

Siku ya kurudi nilipita kuaga. Zana zilikuwa nzito, na nilikuwa na nia ya kuja tena kuchukua cheti. Bi Zuwena alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Nikamwuliza kama naweza kumwachia sanduku.

"Hapana," alisema, bila ya kuinua macho. "Hapa pamejaa, na mjukuu yu njiani. Kaliweke kwa Haji. Akikataa, mwambie mimi nimesema."

Nilisimama nikisubiri salio: chai, au nyumba yako hii, baba. Halikuja.

"Umesimama nini? Boti haikungoji."

Nilijitwika sanduku begani hadi kwa Haji, nikiwa na furaha ambayo mzigo mzito kama ule hauielezi.

Nilipofika Kakamega, mke wangu aliniuliza kama wale watu walinipenda. Nilimwambia kwamba kupokelewa nilipokelewa siku ya kwanza, na hilo hufanyiwa kila mgeni. Kupendwa, sikuwa na hakika nako mpaka Bi Zuwena aliponinyima mahali pa kuweka sanduku.