Mtoto Msema Kweli

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na kuna swali moja ambalo kila nikiliuliza ulimi unakuwa mzito. Ni lile linalokuja mwisho wa kila hadithi kwenye kitabu cha kusoma: hadithi hii inatufundisha nini? Nilianza kuliuliza Kibondo, mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa nimemaliza darasa la saba tu na kupewa chaki kwa sababu walimu hawakutosha. Watoto walikaa wanne wanne kwenye dawati moja. Walijibu kwa pamoja kwamba tusiseme uongo, nami nikawaambia vizuri sana, kaeni chini. Mnafiki mkubwa mimi.

Kwetu ni upande wa Kasulu, kwenye njia ya kwenda Manyovu. Nilikuwa msichana wa darasa la nne wakati watu walipokuwa wakivuka kutoka Burundi wakikimbia kuuawa. Mwanamke mmoja alifika kwetu na jembe lisilo na mpini na nguo aliyoivaa. Mama alikuwa amejifungua na hana nguvu. Yule mwanamke akaingia jikoni bila kuambiwa, akakoroga uji, akamwogesha kichanga, na hakuondoka tena. Kiha chetu na Kirundi chake vinakaribiana mno, usingemjua kwa kumsikia anaongea. Baba akatukusanya watoto wote, akasema kuanzia leo huyu ni dada yake wa kijiji cha Kitanga, na tumwite masenge, ndivyo tunavyomwita shangazi.

Sababu tuliijua. Wakimbizi walikuwa wanahamishwa kwa malori kupelekwa kwenye makazi ya mbali, na masenge hakutaka kwenda. Katika kukimbia alikuwa amepotezana na watoto wake wawili, mkubwa akiwa wa umri wangu. Njia ya Manyovu ndiyo aliyowaambia waishike endapo watatengana. Kila siku ya soko alikwenda huko kwa miguu, akamuuliza kila anayevuka. Akihamishwa, watoto watafika na kumkosa. Hilo alilijua kila mtu nyumbani, na mimi kuliko wote, maana ni mimi niliyekuwa nikilala naye kitanda kimoja.

Sasa njoo shuleni. Kitabu chetu kilikuwa na hadithi ya mtoto aliyezubaa mbuzi wakala mahindi ya jirani. Hakuna aliyemwona. Akaenda mwenyewe kwa jirani akakiri kabla ya kuulizwa, na jirani kwa furaha akampa mwanambuzi, kijiji kizima kikamsifu. Mwalimu wetu alikazia sana pale pa kabla ya kuulizwa. Alisema ukweli unaosubiri kuulizwa ni nusu ya ukweli. Nilikuwa mtoto wa kiherehere, wa dawati la mbele, mkono juu hata swali halijaisha, na maneno yale niliyashika vizuri kuliko nilivyozishika hesabu za kuzidisha. Usiku na mchana nilitafuta kitu cha kukiri, sikukipata.

Nilimsimulia masenge tukiwa uani tunapukuchua maharage. Alicheka mpaka akajifuta macho. Akasema mtoto huyo ana bahati, hajawahi kukimbizwa. Halafu akanisimulia yake: mnyama mdogo anafukuzwa na chui, anajificha kwa kobe, chui anakuja kuuliza, kobe anasema sijaona mtu, chui anaenda zake. Nikangoja, kumbe imeisha. Nikauliza kobe aliadhibiwaje kwa kudanganya. Masenge akanishangaa, akauliza naye, aadhibiwe na nani? Nikamwambia, mkono kiunoni, kwamba hadithi zake hazina mafundisho. Alicheka tena, na kicheko kile kiliniuma kuliko kofi.

Baadaye sana nilipopelekwa chuo cha ualimu, mkufunzi aliyetufundisha hadithi za watoto alitueleza kwamba wenye fikra wamegombana juu ya jambo hili tangu zamani. Wapo wanaosema uongo ni uongo tu, hata ukimwambia muuaji anayegonga mlango wako akimtafuta mtu. Wapo wanaosema kwanza tazama neno lako litamfikisha nani wapi. Akasema vitabu vya watoto vingi vinafuata kundi la kwanza, kwa kuwa ni rahisi kulitungia maswali ya mtihani. Wenzangu walibishana kwa raha zao, wengine wakicheka. Mimi niliinamia daftari nikijifanya naandika, uso unawaka, kwa kuwa mlango ule niliujua.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alikuja karani wa kuandikisha watu, ana daftari kubwa kwapani, na mjumbe wetu wa nyumba kumi nyuma yake. Ilikuwa imeshatangazwa kwamba anayemficha mkimbizi atachukuliwa pamoja naye akajieleze. Baba aliwataja watu wa nyumba yake mmoja mmoja. Alipofika kwa masenge akasema ni dada yake wa Kitanga, ameachika. Mjumbe, aliyekuwa anajua kila kitu, akatazama migomba. Karani akaandika, akafunga daftari, akaaga. Walikuwa wameshageuka kuondoka. Narudia, walikuwa wameshatupa mgongo, na hakuna aliyeniuliza kitu.

"Si kweli," nikasema. "Huyu ametoka Burundi."

Nilisema kwa Kiswahili changu cha darasani, nimesimama wima, mikono ubavuni. Watu wananiambia mtoto ni mtoto, hukujua ulitendalo. Nilijua. Nilijua habari ya malori na nilijua habari ya wale watoto wawili. Nilitaka karani anisifu, na nilitaka masenge aone kama hadithi yangu ni ya kuchekwa. Namwonea aibu msichana yule mpaka leo, na siwezi kumkana maana ndiye mimi.

Karani akalifungua daftari tena, akamgeukia baba. Baba hajafumbua mdomo, masenge akapiga magoti. Akasema baba hana kosa, ni yeye aliyemdanganya kwamba ni wa ukoo wao, naye akamwamini. Karani hakumwamini hata kidogo, ilionekana. Akamtazama baba, akamtazama mjumbe, mwisho akaniinamia mimi kwa upole.

"Wewe mwanangu ndiye msema kweli hapa. Baba yako alijua?"

Nilikuwepo siku baba alipotupangia uongo ule. Nilikuwa nimekaa miguuni pake.

"Hakujua," nikasema.

Sikuinama wala sikubabaika, nilimtazama machoni. Akanipigapiga begani, akaandika, na baba akapona. Masenge alikwenda kuchukua vitu vyake, havikujaa hata kikapu. Akamwomba mama awe anakwenda Manyovu siku za soko badala yake. Kisha akapita kwangu, akanishika kichwa, akaniambia polepole kwa Kirundi chake kwamba nimefanya vizuri. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anazungumzia lile jibu la pili.

Mama alikwenda Manyovu mpaka miguu ilipomshinda. Wale watoto hatukuwaona, au walipita tusiwajue. Na masenge hatukumsikia tena.

Kwa miaka mingi nilikilaumu kitabu. Nilijiambia kwamba nilikuwa mtoto niliyefundishwa kusema kweli, nikasema kweli, basi ole wao waliokitunga. Ningeendelea kujiliwaza hivyo kama karani angeniuliza swali moja tu. Lakini aliniuliza la pili, nami nikadanganya papo hapo, bila kumfikiria yule mtoto wa hadithi ya mbuzi wala mwalimu, kwa sababu aliyekuwa karibu kuchukuliwa sasa alikuwa baba yangu. Kudanganya nilikuwa nakujua vizuri tu. Kwa masenge peke yake ndipo nilipokumbuka kwamba uongo ni dhambi.