Pilau ya Magendo ya Bibi Yangu

Enzi zetu za mgao wa chakula, miaka ile baada ya Mapinduzi, wenzangu wa Mji Mkongwe mnazikumbuka: unapanga foleni ya mchele tangu alfajiri, unarudi nyumbani na muhogo. Vijana wa leo wakikosa yai kwenye chai wanaona dunia imekwisha. Mimi niliyeishia darasa la nne, na leo nina maduka matatu Darajani, muhogo ule ndio ulionikuza, kwa mkono wa bibi yangu mzaa mama.

Bibi alikuwa mtu wa zamani. Kwake mgeni haondoki mdomo mkavu. Siku moja dada yake akatokea kutoka Makunduchi bila ya taarifa. Bibi akafungua kasha, akatoa mchele wa magendo aliouficha chini ya kanga. Ukikamatwa nao ule, unalala ndani.

"Bibi, si tumpe muhogo?"

"Mume wangu," ndivyo alivyoniita, kama mabibi wanavyowatania wajukuu, "mtu katoka shamba kwenye mihogo, nimpe muhogo? Nchekwe Makunduchi nzima?"

Akapika pilau. Harufu ya iliki na mdalasini ikatoka dirishani, ikashika uchochoro mzima. Ndiyo kwanza tunatia mikono siniani, tukasikia, "Hodi."

Alikuwa mkubwa wa mtaa, yule aliyekuwa akipita majumbani kusaka magendo. Wiki ile ile alishampeleka jirani yetu kituoni. Dada yake Bibi akabaki na tonge mkononi. Bibi hata hakunyanyuka.

"Karibu, mwanangu. Umetukuta tunakula."

"Mchele huu wa wapi, Bi Mkubwa?"

"Wa kwenye sinia." Akanigeukia. "Mkoshe mgeni mikono."

"Mimi nshakula."

"Umekula nini, na midomo imekupauka hivyo? Kaa kitako."

Nikamwendea na birika, maji yakamwagikia kanzu yake. Akanitazama mimi, akamtazama Bibi. Pamoja na utoto wangu, nilijua: akitoka na sinia lile, anatoka na bibi yangu.

Akavua viatu. Akala mpaka upande wake wa sinia ukang'ara.

Mlangoni akageuka. "Bi Mkubwa, siku nyengine funga dirisha."

"Nikifunga, wewe utafikaje?"

Akacheka yule bwana, akenda zake, na hakusema kwa mtu.

Leo nina nyumba ya ghorofa Chukwani, vioo kila upande, nimeijenga kwa jasho langu. Wanangu wanataka baridi ya mashine, basi madirisha yamefungwa kutwa. Pilau tunapika kila Ijumaa, na nyama tele. Sinia linajaa, tunakaa, tunakula wenyewe. Hodi hapigi mtu.