Ndiyo Ambayo Sikuiandika

Watu wakianza kusifu kasi ya intaneti mbele yangu, jinsi inavyowaunganisha wanavikundi wa vijijini, mimi hunyamaza. Si kwamba nabisha. Ni kwamba ilinifikia kabla sijawa tayari, nikaiharibia kazi kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa katibu wa kikundi cha wanawake katika kijiji kimoja nje ya Mhunze. Shida yetu ilikuwa maji. Kiangazi tulifukua mchanga wa mto kwa mabakuli, tukisubiri maji yajikusanye, huku ng'ombe wa watu wakisubiri nyuma yetu. Shirika moja la visima lenye ofisi Mwanza lilikuwa limetuahidi kisima. Tuliandikiana nalo kwa barua zilizosafiri mfukoni mwa makondakta wa mabasi. Barua ingeweza kukaa mwezi mzima njiani, kisha tukaletewa swali ambalo tulikwisha kulijibu. Nilikuwa nikizisoma zile barua mdomo unaniwasha kutukana.

Ndipo mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la mabomba pale Kambarage mjini Shinyanga, alipofunga kompyuta kwenye waya wake wa simu. Shirika lile lilikuwa mteja wake, kwa hiyo alituruhusu kuandikiana nalo kupitia dukani kwake. Laini ilikatika kila mara, naye alipiga meza na kuanza upya. Lakini ikishika, Mwanza walipata neno letu saa ileile. Nilitoka dukani siku ya kwanza nikitembea kifua mbele, kama kwamba intaneti nimeitengeneza mimi.

Sasa, kikundi chetu kilikuwa na utaratibu wake. Jibu la kikundi lilitoka kikaoni tu, na kila mama alisimama kwa zamu kusema amekubali, hata kama wa kwanza alikwisha kusema yote. Katibu aliyenitangulia aliwahi kukubali peke yake ugeni wa mabwana shamba. Wenzake walimtoza faini ya kuwapikia wanachama wote, mbuzi juu yake, nao walikula huku wakimcheka. Mwezi uliofuata akajitoa. Mimi nilikula mbuzi yule, na nililiogopa cheko lile kuliko nilivyoogopa kiu.

Asubuhi moja nilifika dukani kuulizia habari za kisima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Njoo haraka, imeingia sasa hivi."

Ujumbe ulikuwa mfupi. Mtambo wa kuchimbia ulikuwa unamaliza kazi Masumbwe. Wapimaji walikuwa wamepata maji kijijini kwetu karibu na zahanati, si bondeni tulikopendekeza sisi. Je, kikundi kimekubali? Jibu litumwe leo, mafundi waitwe kwa redio, waanze safari ya kuja kwetu.

Mzee akanisogezea kiti. "Andika ndiyo, mama. Laini iko nzuri."

Niliweka vidole juu ya zile herufi. Nilijua kabisa hakuna mwanamke kijijini kwetu ambaye angekataa maji kwa sababu yako karibu na zahanati. Nikaondoa vidole.

"Lazima nikawaulize wenzangu," nikasema.

"Mama, wanasema leo!"

"Kikundi si changu, mzee."

Basi la siku ile lilikuwa limekwisha kuondoka. Nikapata lori la pamba, likaharibika njiani, nikafika nyumbani kesho yake mchana. Kuwaita akina mama kutoka mashambani kulimaliza siku. Kikao kilianza asubuhi iliyofuata, na hatukukianza kabla hatujasalimiana, watoto, wagonjwa na mifugo wakauliziwa hali mmoja mmoja. Nilikaa pale nikiuma meno. Kisha wakasimama kwa zamu: nakubali, nakubali, nakubali. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Nilitamani kulia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Niliporudi Kambarage, mzee hakunipa kiti. Alinionyesha karatasi aliyoichapa siku moja kabla. Kwa kuwa hamkujibu, mtambo umepelekwa kijiji kingine upande wa Geita. Tutawafikiria tena fedha zikipatikana. Niliandika ndiyo hata hivyo, kwa herufi kubwa, na safari hii laini haikukatika hata mara moja. Ndiyo yangu ilifika Mwanza palepale, haina kazi.

Nikawasomea wenzangu ile karatasi nikiwa nimesimama, macho chini. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima aliyesimamia faini ya yule katibu aliyenitangulia na kugawa nyama kwa mkono wake, aliniomba nimweleze tena, polepole, ule mtambo wa dukani unavyofanya kazi. Nikamweleza: unaandika hapa, nao wanasoma kule, palepale.

"Palepale?"

"Ndiyo, mayu," nikamjibu, kama tunavyowaita mama zetu.

Akanitazama bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Sasa wewe, mwanangu, si ulitujua? Kwa nini hukuwajibu?"