Iko, Si Ipo

Tik, tik, tik. Gurudumu la baiskeli. Kaka yake alipoisukuma taratibu kutoka chumbani mwake kwenda getini, kila mlio ulisikika peke yake, ungeweza kuuhesabu. Akishaipanda na kuiachia mteremkoni, milio ilishikana ikawa mvumo mmoja mrefu. Siku aliyoondoka kwenda kutafuta kazi mbali aliiacha imeegemea ukuta, akaenda kwa miguu. Simu zake zilikuja, zikapungua, zikakatika. Miaka ikapita. Tangu hapo dada yake, mwalimu wa fizikia, hakutulia mahali.

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Pia, kwanza kwa sababu alizunguka darasani kama pia ya kuchezea watoto, halafu kwa sababu neno hilo halikubanduka mdomoni mwake. Mwanga ni wimbi. Pia ni chembe. Elektroni ni chembe. Pia ni wimbi.

Siku hiyo alizunguka kuliko kawaida. Asubuhi baba mdogo alikuwa amepita nyumbani, akasema palepale mlangoni, bila kukaa:

"Jioni tunalimaliza jambo hili. Chumba cha kaka yako kinaliwa na vumbi, na mama yako anakonda kwa kungoja. Mtu yupo au hayupo, hakuna la tatu. Msomi wa nyumba hii ni wewe. Ukisema hayupo, atakubali."

Akaenda zake, akamwachia neno hilo kama mwiba wa samaki kooni.

Maabara ilikuwa imezibwa madirisha kwa karatasi nyeusi za manila. Mwalimu Pia akaomba unywele mmoja.

"Toa wa kwako, Mwalimu," akasema msichana wa mbele, ambaye wenzake walimwita Hakimu kwa kupenda kwake hukumu.

"Wa Mwalimu hauhesabiki," mwingine akadakia. "Ule wa dukani."

"Mwanga haubagui," akasema Mwalimu, akachomoa uzi mmoja kwenye msuko wake wa dukani, akaubandika kwa gundi mbele ya tochi ya leza. Walitarajia kivuli kimoja chembamba. Ukutani ikatokea michirizi: mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi, kama ngazi iliyolazwa.

"Mwanga umepita pande zote mbili za unywele, halafu ukakutana wenyewe kwa wenyewe. Unapoongezana, wekundu. Unapofutana, giza. Hayo ni mambo ya mawimbi." Alikuwa ameshafika dirishani na kurudi. "Sasa tuseme tumeufifisha, mpaka unatoka chembe mojamoja. Kila chembe inagonga ukuta, inaacha doa moja. Tik. Nyingine. Tik. Utadhani yamemwagwa ovyo. Yaache yawe mengi, utaona yamejipanga michirizi hii hii. Na elektroni, tuliyoizoea kama kijipunje, nayo hufanya vivyo hivyo."

Hakimu hakuridhika. "Lakini kila moja inakwenda peke yake. Si lazima imepita upande mmoja?"

"Ukiweka kitu cha kuichungulia, utaikuta upande mmoja kweli. Na michirizi itatoweka."

"Na tusipochungulia? Pale njiani ipo wapi?"

Mwalimu Pia akasimama. "Usiseme ipo. Sema iko."

"Mwalimu, hiki kipindi cha Kiswahili?"

"Lugha yako inakubeba, nawe unateremka. Kitabu kipo mezani, unakionyesha kwa kidole. Kitabu kiko shuleni, hujakibana mahali. Midomoni tunayachanganya, lakini tofauti ipo. Chembe ikishagonga ukuta, ipo. Njiani, iko tu."

"Yaani ina mahali pake, ila sisi hatujui."

"Hapana." Lilimtoka kwa ukali, hata mwenyewe akashtuka. "Hatujui ni jambo lingine. Hatujui ni pale ambapo kitu kina mahali pake, na wewe umenyimwa habari. Chembe njiani haijawa na doa lake."

"Ndiyo maana ukaitwa Pia," Hakimu akanung'unika. "Kwako hukumu hakuna."

Darasa likacheka. Yeye akafuta ubao uliokuwa safi.

Jioni alimkuta mama yake kitandani pa kaka, anakunja mashati yaliyokuwa yamekunjwa. Baba mdogo alisimama kando ya baiskeli. Mwalimu Pia akaenda dirishani, akarudi mlangoni, akaenda tena.

"Kaa, mtoto wewe, unanitia kizunguzungu," akasema baba mdogo. "Haya. Yupo au hayupo?"

Njia nzima alikuwa ametamani kujificha nyuma ya somo lake. Angesema kaka naye ni wa njiani, hana doa. Lakini kaka hakuwa elektroni. Alikuwa na miguu mipana na kikohozi cha asubuhi. Kuna kitanda mahali kinalia chini yake, au kuna udongo umemfunika. Mahali pake palikuwepo. Wao ndio walionyimwa habari. Akaenda tena dirishani.

"Basi mimi naanza na chuma hiki," akasema baba mdogo, akashika usukani, akaisukuma baiskeli nje ya chumba.

Tik, tik, tik.

Shati likamponyoka mama. Uso wake ukainuka, ukakunjuka wote kwa mara moja, ukawa wa mwanamke kijana.

"Amekuja?"

Gurudumu likanyamaza. Huko ukumbini baba mdogo aliinamia usukani, hakuweza hata kugeuka. "Ni mimi, shemeji," akasema. "Nisamehe. Ni mimi tu."

Mama hakulia. Uso ulirudi ulikokuwa, polepole, kunjo baada ya kunjo. Akamgeukia binti yake.

"Sasa niambie wewe, mwanangu. Huyu anataka neno moja, na mimi nimechoka. Yupo, au hayupo?"

Pia ikasimama. Mwalimu akaketi kitandani, mahali ambapo hakuwahi kuketi tangu kaka aondoke, akaliokota shati, akalikunja juu ya magoti yake. Chumba wangekitoa. Kitanda pia. Hayo angeyasema kesho, na baiskeli ingebaki. Akamwinamia mama yake, karibu kabisa na sikio.

"Yuko, Mama," akanong'ona. "Alipo hatujui."