Kioo cha Manjano Juu ya Lori

Mjukuu wangu nilimlea mimi, maana mama yake, binti yangu wa pekee, alikufa mtoto akiwa bado hajaota meno. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu. Karo yake ilitoka kwa kuosha vyombo katika hoteli moja hapa Voi, ile walikokuwa wakisimama madereva wa malori. Sufuria zangu ungeweza kuchana nywele ukijiangalia ndani yake. Nilijisifu sana, na sababu nilikuwa nayo.

Mtoto akapita mitihani, akaenda ng'ambo, akakaa. Miaka ya tisini, masika yakiwa karibu, akarudi na lori, bosi wake mzungu na mafundi wawili. Walitaka kupima upepo unaopita kando ya mlima wa Sagalla, na kiwanja changu kilikuwa wazi, kwa hivyo lori likaegeshwa karibu na zizi la mbuzi. Juu yake palikuwa na sanduku lenye kioo.

"Nyanya, hapa ndani mna taa ya leza," akanieleza. "Huwezi kuiona. Inaenda juu, inagonga vumbi, inarudi. Vumbi likikimbia, tunajua upepo una kasi gani. Watu wa hali ya hewa wakijua hivyo, watakwambia mvua inakuja lini."

"Miaka yote hiyo ng'ambo unatafuta vumbi? Si ungeniambia nikufungie kwa gunia."

Akamtafsiria bosi, na yule mzee akacheka mpaka akavua miwani. Kisha mjukuu wangu akaninong'oneza kwamba hiyo mashine aliitengeneza yeye. Wiki tatu hapa, ikifanya kazi vizuri, itakuwa yake kuiendeleza. Ikishindwa, atapewa mtu mwingine.

Siku nne za kwanza ilifanya kazi. Siku ya tano asubuhi wakaenda mjini kutafuta dizeli ya jenereta. Akaniambia, "Nyanya, chunga mtu yeyote asipande huko juu." Nikachukua kigoda, nikakaa pale.

Shida ni kwamba nilikuwa na macho. Kile kioo kilikuwa cha manjano, kama meno ya mvuta kiko, na vumbi la usiku limekikalia. Nikasema moyoni, mtoto wangu amesoma hivi, halafu wazungu wake waone kitu chafu namna hii kwetu? Nikaleta majivu ya jikoni, maji kidogo na fungu la nyuzi za mkonge, nikapanda ngazi. Nilisugua kama nilivyosugua maisha yangu yote. Umanjano haukutoka. Nikaongeza majivu.

Waliporudi mjukuu wangu alipanda, akakaa huko kitambo. Aliposhuka uso wake ulikuwa umebadilika. Aliniuliza polepole, kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, nimefanya nini. Nikamwambia nimesafisha, lakini uchafu ni sugu. Akasema, "Sio uchafu, nyanya. Kioo chenyewe ndio rangi yake. Ni laini, na sasa kimekwaruzika chote, taa haipiti tena sawasawa." Cha pili hawakuwa nacho. Kuagiza kingine kungechukua miezi, na masika yalikuwa mlangoni.

Bosi naye akapanda, akashuka, akauliza kitu kwa Kiingereza. Hata mimi nilielewa: nani?

Mimi ni mtu wa kusema. Watu wa huku wananiogopa kwa mdomo. Siku hiyo nilitazama miguu yangu, na majivu yalikuwa bado kwenye vidole. Mjukuu wangu akajigusa kifua, akajibu. Yule mzee hakupiga kelele. Aliingia kwenye kivuli cha lori, akaanza kukunja nyaya.

Wakaondoka kesho yake. Mvua ilianza wiki iliyofuata, na hakuna aliyeupima upepo wake. Barua ilikuja baadaye: mashine amepewa mwingine, yeye amewekwa ofisini, anapanga hesabu za watu wengine. Alipokuja likizo nilianza kumwomba msamaha. Akasema, "Nyanya, wacha tu, chai inapoa." Hakuwahi tena kunieleza kazi yake, nami sijathubutu kumuuliza.

Kanisani kina mama huniuliza, "Yule wako bado anapima upepo kwa taa?"

Nawajibu ndiyo, bado anapima.